Pampu ya petroli ya umeme haikuiponya Land Rover 109 yangu, ila ndiyo iliyoufichua ugonjwa

Ukiwa na gari la zamani linalozimika mlimani, kila mtu ana dawa moja: "Ng'oa hiyo pampu ya kizamani, funga ya umeme." Mafundi watatu waliniambia hivyo, na wa nne alikuwa dereva wa bodaboda aliyesimama kunionea huruma. Nikatii. Leo pampu ya kizamani imerudi mahali pake, ile ya umeme imelala kwenye boksi la spana.

Gari ni Land Rover Series III 109, pikapu, injini ya petroli ya lita 2.25, kabureta ya Zenith (kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Pampu yake ya asili imefungwa ubavuni mwa injini. Kamshafti, ile shafti ya injini inayofungua vali, inausukuma mkono wa pampu, mkono unavuta dayaframu (utando ulio ndani ya pampu), petroli inaingia; springi inairudisha dayaframu na petroli inaelekea kwenye kabureta. Presha inatokana na springi, si kasi ya injini, na ni ndogo: psi 2 hivi (pauni mbili kwa inchi ya mraba). Kabureta haihitaji zaidi ya hapo.

Ugonjwa ulikuwa huu: kutoka Ruaha Mbuyuni, kwenye lile joto, ukianza tu kupanda mlima Kitonga injini inakohoa, inaishiwa nguvu, inazima. Subiri dakika ishirini, inawaka. Wote tukasema petroli inachemka ndani ya bomba. Si uongo, kwa sababu petroli inayovutwa huchemka mapema kuliko inayosukumwa, na pampu iko kwenye joto la injini. Kitambaa kilicholoweshwa maji juu ya pampu kilinisogeza kona mbili tatu, basi.

Pampu ya kwanza ya umeme niliuziwa kwa maneno matamu: imetoka kwenye gari dogo la injeksheni (lisilo na kabureta, petroli inapulizwa kwa presha), "ina nguvu, hata ukiwa na V8". Ningejiuliza nguvu hiyo ya nini. Pampu ya injeksheni inasukuma bar 3 hivi, yaani zaidi ya psi 40, na kinachoizuia petroli kwenye kabureta ni kisindano kinachobanwa na floti. Floti ni kopo la hewa, linaweza kubishana na psi 3 au 4. Nilipowasha swichi nikasikia mlio wa nyuki, na kabla sijagusa stata petroli ilikuwa inamwagika kwenye koo la kabureta na kudondokea ekzosti. Bahati injini ilikuwa baridi. Plagi zote nne zililowa, na dipstiki ilinuka petroli, kwa hiyo oili yote, iliyokuwa na wiki moja, ikamwagwa. Fundi akashauri regyuleta. Lakini regyuleta ndogo ya kukata presha haikutengenezwa kwa pampu ya namna hiyo. Pampu ile inataka bomba la kurudisha petroli kwenye tanki. Nikamrudishia muuzaji pampu yake, hela hakurudisha.

Ya pili ilikuwa sahihi: kijipampu cha mraba cha presha ndogo, kile kinachogonga tik-tik-tik. Laki na kitu. Nikakifunga chini ya boneti, pale pale ilipoishia ile mipira ya zamani ya petroli, kwa uvivu wa kuvuta waya. Kitonga nikakohoa vile vile. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka: pampu mpya, kikohozi cha zamani.

Pampu ya umeme inajua kusukuma, kuvuta haiwezi sana. Mahali pake ni jirani na tanki, chini ya usawa wa petroli, na chujio kabla yake. Kwenye 109 yangu tanki liko chini ya kiti, kwa hiyo kukihamishia huko ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 5, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayowashwa na swichi ya ufunguo, na swichi ya presha ya oili katikati ili injini ikizima kwa ajali pampu isiendelee kumwaga petroli barabarani. Watu wengi hiyo ya mwisho wanairuka. Usiiruke. Pampu ya zamani inasimama yenyewe injini ikisimama. Ya umeme haijui kama umepinduka. Na athi, waya wa kurudisha umeme kwenye betri, usiifunge kwenye bodi: bodi ni alumini, bolti ni chuma, kutu ikiingia kati yao mita inasoma volti 10 kwenye pampu wakati betri ina 12 na ushee. Kwangua rangi, funga kwenye chesisi.

Tundu la pampu ya zamani nililiziba kwa bamba na gaskiti. Kuna wanaoiacha ya zamani na kuipitishia petroli kutoka ya umeme. Siku dayaframu ikitoboka, ya umeme itakujazia petroli kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, mpaka oili iwe maji.

Sasa utamu wenyewe. Nimewasha, bado gari limesimama, naona tone chini ya mpira unaounganisha bomba la chesisi na bomba la injini. Nikalegeza klipu: mpira umepasuka ufa wa nusu kucha, umejificha chini ya klipu. Miaka yote pampu ilikuwa inavuta, hivyo ufa haukuvuja hata tone. Ulikuwa unakula hewa tu. Kwenye joto na mlimani, hewa na mvuke vikichangia, kabureta inakauka. Nilipoanza kuusukumia petroli kutoka nyuma, ufa ukajitaja. Mpira wa mafuta wa milimita 8, hata elfu kumi haukufika.

Nikabadilisha mpira, nikarudisha pampu ya zamani na seti mpya ya dayaframu. Piga alama ya tupa kwenye nusu mbili za pampu kabla hujazitenganisha. Dayaframu inaingia kwa kubonyezwa na kuzungushwa robo. Skrubu kaza mkono wa pampu ukiwa umebonyezwa mpaka mwisho, la sivyo dayaframu inabaki imekazwa na itachanika mapema. Gaskiti ya kwenye injini weka moja. Ukiweka mbili mkono unapungukiwa na safari na petroli inakuwa haba.

Kitonga imepandwa mara nne tangu hapo, bila kitambaa. Kama kamshafti yako imelika, au gari linalala miezi, funga ya umeme ya presha ndogo, hakuna ubaya. Lakini kwanza fungua mfuniko wa tanki injini ikianza kufa. Ukisikia "fyuu" na gari likapona, kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba na hapo hununui pampu yoyote. Na ukipampu kwa kile kijiti cha pembeni mwa pampu cha kupampia kwa mkono ukaona hakina uzito, usiilaumu pampu: kamshafti imesimama ikiwa imeubana mkono wa pampu. Zungusha injini kidogo, jaribu tena.