Mkia wa Kaniki ulipolegea

"Mama, mkia wa Kaniki umekufa."

Mwanangu aliniambia hivyo Jumatatu asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni. Nikadhani ni utani wake. Kaniki ni mbwa jike wa aina ya Labrador, mweusi tii, na ukimwita, mkia ndio hutangulia kuitika: utapiga mlango, utapiga viti, utaangusha kikombe kilichosahauliwa sakafuni. Siku hiyo nilimwita akaja polepole, masikio yamelala. Mkia ulikuwa umekakamaa usawa wa mgongo kwa kiasi cha upana wa kiganja, halafu ukaanguka wima kama kamba iliyolowa. Niliposema naye macho yalichangamka na makalio yakatikisika kidogo, lakini mkia haukuinuka.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba umevunjika. La pili, na hili naona haya kuliandika, ni kwamba kuna aliyeuvunja. Nikamgeukia mtoto. Ulimbana na mlango? Ulimvuta? Akakana, nikamkazia macho, akaanza kulia. Jirani aliyesikia kelele akachungulia na kutoa ushauri: mkia wa namna hiyo hufungwa vijiti viwili, utanyooka wenyewe. Bahati nzuri sikuwa na kitambaa karibu, maana kwa jinsi nilivyochanganyikiwa ningefunga.

Nikaupapasa kuanzia nchani. Huko hakuna kitu. Nilipofika kwenye shina, pale unapoungana na mwili, Kaniki alilia, akageuka na kuushika mkono wangu kwa meno bila kuuma. Hajawahi kunifanyia hivyo tangu nimlee. Manyoya ya mahali pale yalikuwa yamesimama kana kwamba ameogopa kitu. Alikuwa akikaa upande, uzito wote kwenye paja moja. Na alipotaka kwenda haja kubwa alizunguka, akachuchumaa, akainuka, akazunguka tena, kwa sababu mbwa huinua mkia kwanza, na kuuinua ndiko kulikomuuma.

Daktari wa mifugo hakuanza na mkia. Aliuliza, "Jana alifanya nini?"

Jana tulikuwa bwawani! Nikaanza kueleza kwa majivuno kabisa. Aliogelea karibu saa mbili akirudisha fimbo tuliyokuwa tukiirusha, hakutaka kutoka majini. Maji yalikuwa baridi, sisi wenyewe hatukuweza kuingia zaidi ya magoti. Kabla ya hapo hakuwa ameogelea kwa miezi minne hivi. Tulipomaliza tukamwingiza kwenye kizimba chake cha safari, amelowa, akakaa amejikunja njia nzima kurudi. Usiku akalala barazani, manyoya ya ndani bado mabichi. Daktari alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila nilipotaja jambo, na majivuno yangu yakawa yanapungua moja baada ya jingine.

Alinieleza kwamba mkia haukuvunjika, bali misuli ya shina lake imeumia. Mbwa akiwa majini, mkia ndio usukani wake. Anaupeleka kulia na kushoto bila kupumzika ili asiyumbe. Misuli ile ni midogo na imebanana. Ikifanyishwa kazi isiyoizoea, tena kwenye baridi, huumia na kuvimba, na kwa saa kadhaa huenda mwenye mbwa asione chochote. Mara nyingi ni usiku ule au asubuhi ya pili mkia unapoonekana umelala. Akaniuliza kama nimewahi kubeba ndoo siku nzima baada ya miezi ya kukaa tu. Nimewahi. Kesho yake sikuweza kuchana nywele.

Hata hivyo hakuniamini mimi na hadithi yangu ya bwawa peke yake. Alipapasa pingili za mkia mojamoja. Akabonyeza kiuno. Akapindua nyayo za nyuma, juu ikawa chini, kuona kama Kaniki atazirudisha mara moja. Akavaa glovu na kukagua tezi mbili ndogo zilizo kando ya njia ya haja kubwa. Akauliza kama mkojo unamtoka bila kujua. Mkia uliovunjika hulala, tezi zilizoziba huulaza, na matatizo ya uti wa mgongo karibu na nyonga huulaza pia, na haya hayangoji. Picha ya eksirei hakuiona ya lazima siku ile. Misuli iliyoumia haionekani vizuri kwenye picha ya mifupa, alisema, ila siku zikipita bila nafuu tungepiga ili kuondoa shaka ya mifupa.

Alitupa dawa ya maumivu na uvimbe iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Nikamwambia nina ibuprofen nyumbani, isingetosha? Aliweka kalamu chini. Ibuprofen huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na paracetamol ina hatari zake vilevile. Nimeandika hili kwa sababu najua siko peke yangu mwenye vidonge kwenye droo na moyo wa huruma.

Kilichobaki kilikuwa kupumzika, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Dawa unaitia kwenye chakula, imekwisha. Lakini jaribu kumpumzisha Labrador asiyejihisi mgonjwa isipokuwa nyuma! Siku ya kwanza alilala kwa maumivu. Siku ya pili, dawa imeshika, alitaka kuruka juu ya kila kitu. Ilibidi atoke na kamba shingoni hata kwa kukojoa tu, mara nne kwa siku, mwendo wa taratibu na kurudi. Mipira tuliificha. Kizimba nacho sikukitumia, maana kilikuwa kidogo na nilishaanza kukishuku. Tulimtengea kona ya sebule yenye godoro na kuziba njia kwa viti.

Tulimkanda pia. Kitambaa kinachovywa kwenye maji ya uvuguvugu, kinakamuliwa, unakijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, kisha unakilaza juu ya shina la mkia kwa dakika 10 hivi. Usisugue, usivute, usijaribu kuuinua kuona kama umepona. Mimi Kaniki alinikataa. Kila nikikaribia anaweka makalio ukutani. Mwanangu alipojaribu, alilala kifudifudi na kufumba macho. Basi kazi ikawa ya mtoto, asubuhi na jioni, na jioni ya kwanza nilikaa karibu yao nikamwomba msamaha. Alisema, "Sawa, Mama," bila kuondoa macho kwenye saa.

Siku ya tatu manyoya ya shina yalilala. Siku ya nne mkia uliinuka kufikia nusu, kisha ukachoka. Halafu ikaja siku ya ajabu ambapo ulitikisika kwenda kushoto tu. Siku ya nane nilisikia kikombe kikianguka sebuleni, na kwa mara ya kwanza sikumfokea. Daktari alikuwa ameniambia wengi hupona ndani ya siku chache hadi wiki mbili.

Baadaye nilisoma zaidi. Wawindaji na wenye mbwa wa kazi wanaujua mkia huu zamani. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliandika kuhusu mbwa aina ya pointer waliopata tatizo hili, na vipimo vyao vilionyesha madhara kwenye misuli ya mkia yenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, waliokuwa wakifuatilia Labrador wengi wa Uingereza, waliripoti kwamba mbwa wa kazi walipata zaidi, na wanaoishi kaskazini, kwenye baridi zaidi, walipata zaidi pia. Kuogelea kulihusika, lakini si wote walioumwa walikuwa wameogelea. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma haraka mno.

Miezi saba baadaye mkia ulilala tena. Safari hii nilikuwa bingwa. Sikumpigia daktari simu. Niliwasha jiko, nikachemsha maji, nikamwita mwanangu na kitambaa chake. Ni kweli hakuwa ameogelea wiki hiyo, lakini si nimesoma kwamba kuogelea si lazima? Tulikanda siku mbili. Kaniki alikuwa akijilamba chini ya mkia muda wote na kujiburuza makalio kwenye zulia, nami nikajieleza kwamba ni maumivu tu yanamsumbua.

Siku ya tatu nilimpeleka. Daktari akauliza lile swali lake, jana alifanya nini, na juzi je. Nikasema hakuna, amelala tu nyumbani. Akavaa glovu. Tezi ya upande mmoja ilikuwa imeziba na kuanza kutunga usaha. Shina la mkia halikuwa na tatizo, alikuwa anaulaza kuficha mahali panapouma. Siku zangu mbili za kukanda zilikuwa siku mbili za kuchelewesha matibabu. Siku hizi mkia ukilala naangalia kama kweli kuna jambo kabla yake: maji, baridi, mbio za ghafla, safari ndefu kizimbani. Kama halipo, sigusi kitambaa, napiga simu.

Bwawani bado tunakwenda. Tukianza msimu anaogelea dakika chache, anatoka, anatembea nchi kavu, anarudi. Wiki zinavyosonga tunaongeza. Akitoka kabisa tunamkausha kwa taulo hadi kwenye manyoya ya ndani, tukianzia mkiani. Kizimba tulinunua kikubwa, anaweza kusimama na kugeuka, na tukiwa na safari ndefu tunasimama njiani ajinyooshe. Mwenye saa ni mwanangu. Ikifika dakika ya 15 anapiga mluzi, na Kaniki, fimbo mdomoni, anajifanya hasikii.