Toshack wa Swansea ndiye ninayemuenzi

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya soka hapa Nyalenda, Kisumu, mshambuliaji wangu mrefu alibaki nyuma akiwa na huzuni kwa kuwa mwenzake mfupi ndiye anayefunga mabao na kushangiliwa, ilhali yeye hupigania mipira ya juu na kuambulia viwiko. Nilimweleza habari za John Toshack, mshambuliaji mrefu wa Wales aliyegeuka kuwa kocha, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria mtu huyo.

Toshack alizaliwa Cardiff mwaka 1949, akaanza kuichezea timu ya mji wake akiwa na miaka 16, kisha Novemba 1970 Liverpool ikamnunua kwa pauni 110,000. Mwezi huohuo Everton ilitangulia kwa mabao mawili pale Anfield, uwanja wa Liverpool, naye akafunga la kusawazisha kwa kichwa kabla ya Liverpool kushinda 3-2. Hata hivyo sifa yake kubwa ilikuja alipooanishwa na mshambuliaji mfupi Kevin Keegan: yeye aliruka na kuushusha mpira, Keegan akajua utaangukia wapi. Kijana wangu alisikiliza sehemu hii kwa makini kuliko zote.

Wengi wakimtaja kama kocha huanza na Real Madrid, iliyotwaa ubingwa wa Uhispania msimu wa 1989/90 kwa mabao 107, huku Hugo Sánchez peke yake akifunga 38. Sipunguzi uzito wa mabao hayo, lakini Madrid ilikuwa na nyota tayari. Kwangu mimi, ninayefundisha timu isiyo na hata nyavu za goli, kazi yake kubwa ni Swansea, klabu ya Wales inayocheza katika ligi za Uingereza.

Alikwenda huko Machi 1978 kama kocha na mchezaji kwa pamoja, kabla hajatimiza miaka 29, akaikuta timu katika daraja la nne. Ilipanda msimu huohuo. Mei 1979, ikihitaji kuifunga Chesterfield ili ipande tena, Toshack alijiingiza mwenyewe akitokea benchi na kufunga kwa kichwa bao la ushindi wa 2-1. Miaka miwili baadaye, Mei 1981, ushindi wa 3-1 nyumbani kwa Preston uliifikisha daraja la kwanza, la juu kabisa wakati huo, na mchezo wake wa kwanza huko uliisha kwa kuichapa Leeds 5-1. Msimu huo ilimaliza ya sita. Kuanzia 1978 mjini humo walikuwepo Tommy Smith na Ian Callaghan, wakongwe aliowafahamu Liverpool, lakini pia vijana wa Wales kama Robbie James na Alan Curtis, na nadhani mchanganyiko huo ndio uliompa timu iliyoamini kuwa inaweza.

Oktoba 1981, siku chache baada ya kifo cha Bill Shankly, kocha aliyemsajili Liverpool, Swansea ilicheza Anfield. Wakati wa kimya cha kumkumbuka marehemu, Toshack alivua koti la mazoezi, na ndani alikuwa amevaa jezi nyekundu ya Liverpool. Walisema wengine kwamba kocha wa wageni hapaswi kufanya hivyo. Mimi naona alikuwa mwana anayemzika mzazi wake.

Swansea haikudumu juu. Ilishuka mwaka 1983, ikaendelea kushuka hadi daraja la nne mwaka 1986, madeni yakiiandama. Toshack alikuwa ameondoka, na mwaka 1987 akaipa Real Sociedad ya Uhispania Kombe la Mfalme. Ndio mwaka ambao klabu ya Gor Mahia ilileta Kenya kombe la Afrika la vilabu washindi wa makombe, kwa hiyo hapa Kisumu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuitazama Uhispania.

Baadaye alikuja barani kwetu, akaifundisha Wydad Casablanca na kutwaa ubingwa wa Moroko mwaka 2015 akiwa na miaka 66. Nilipofika hapo kijana aliniuliza kama Toshack bado alikuwa akiwafundisha washambuliaji wa Wydad kuruka. Nilimwambia aje Jumanne mapema, na mpira wake.