Alfajiri ya Julai, Kiboriloni hadi Tarakea

Saa kumi alfajiri hapa Kiboriloni, Moshi, baridi yake haitishi. Ni Julai, kipupwe kimeingia, mbwa wamejikunja vibarazani, lakini bado mtu anasimama nje na sweta moja akamaliza kikombe chake cha chai. Hapo ndipo tunapodanganyika. Mji wetu uko chini, mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, na barabara ya Rombo, ile ya kwenda Tarakea, inapanda ikizunguka ubavu wa Mlima Kilimanjaro. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi sita hivi. Na wewe uko juu ya pikipiki, kadiri unavyokimbia ndivyo upepo unavyokuchoma. Hewa ya nyuzi 10, ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaipokea kama nyuzi 5.

Mwaka jana sikuyajua haya. Nilipanda na sweta mbili za pamba na koti la jinsi juu yake, nikijiona nimevaa vizuri. Kufika mji wa Mkuu, Rombo, nikashindwa kuachia klachi. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye usukani, navitazama, naviamrisha, havisikii. Pikipiki ikazimika katikati ya barabara mbele ya Noah iliyokuwa inapakia abiria. Mama mmoja wa chai ndiye aliyenitoa pale, akanikalisha, akanimiminia maji ya uvuguvugu kwenye karai nitie mikono. Maumivu ya vidole kurudi uhai sitayasahau.

Kwa hiyo baba mdogo aliponipigia kwamba mikanda ya mashine yake ya kusaga imekatika, na anataka mipya ifike Tarakea kabla wateja wa kesho yake asubuhi hawajajipanga, sikukimbilia pikipiki. Nilikwenda kwanza kwa jirani yangu, mzee aliyebeba mizigo mlimani miaka mingi. Huku kwetu wapagazi tunawaita wagumu. Nikamwamkia, nikamweleza ninakokwenda. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mwaka jana nguo ya juu ilikuwa ya kitambaa gani?" Nikasema jinsi. Akatikisa kichwa. "Sweta inashika joto, haishiki upepo. Upepo ukipita ndani, joto lote linaondoka nao. Vaa nyembamba nyembamba, halafu ya mwisho iwe ya kuziba."

Nikaenda Memorial. Mtu wa Moshi haelezwi Memorial ni wapi, mitumba yetu yote inatoka pale. Muuza majaketi aliponiona tu akaninyanyulia koti kubwa lililojaa kama godoro. "Kaka, chukua hili, hata kileleni unalala nalo." Mimi nikachimba chini ya rundo mpaka nikatoa jaketi jembamba la kitambaa cha parachuti, rangi ya kijani iliyopauka, zipu nzima. Nikalipima kama mzee alivyonielekeza: unabana kitambaa mdomoni, kiganja unakiweka upande wa pili, unapuliza kwa nguvu. Ukisikia pumzi kiganjani, rudisha. Majaketi mawili ya kwanza, moja lina nembo ya bei, yalipitisha pumzi kama chandarua. Hili la kijani halikupitisha kitu. Shilingi 8,000.

Sweta la manyoya laini nikalipata kwa 5,000, suruali ya mvua kwa 6,000. Ndani kabisa nilipanga kuvaa jezi ya mpira wa miguu, si fulana ya pamba, maana pamba ikinyonya jasho inabaki na maji na maji yale yanakugandisha. Glavu za mpira za kuoshea vyombo, 2,500, saizi kubwa ili ziingie juu ya glavu zangu za kufuma. Kisha nikapita kwa fundi anayeshona makava ya siti za pikipiki. Nikamwomba akate kipande cha ngozi ya siti cha kufunika kuanzia kooni hadi kitovuni, akitie kamba shingoni na kiunoni. Akanishonea pale pale kwa 4,000, na ndani akaweka sponji jembamba bila kuombwa. Jumla shilingi 25,500. Kuna watu wanapiga hesabu ya jaketi la ngozi la laki mbili, wanakata tamaa, wanaendelea kuumia barabarani miaka yote. Hilo linaniuma.

Kifua nimekitaja mwisho lakini ndicho cha kwanza. Mikono inapokufa ganzi tunakimbilia glavu nene, kumbe tatizo mara nyingi limeanzia kifuani. Mwili ukihisi kifua na tumbo vinapoa, unabana mishipa ya mikononi na miguuni ili damu yenye joto ibaki kulinda moyo na viungo vya ndani. Hapo vaa glavu tatu kama unataka, vidole havitapata kitu.

Nilitoka Kiboriloni saa kumi na robo, mikanda imefungwa kwenye kanga ya mke wangu nyuma ya siti. Hadi Himo hakuna cha kusimulia, barabara imenyooka na joto lilianza hata kunikera. Himo magari ya Holili yalikwenda moja kwa moja, mimi nikakata kushoto kuelekea Marangu, na mlima ukaanza kunipokea. Hewa ilibadilika kama umefungua mlango. Kwanza harufu ya migomba na udongo mbichi, kisha manyunyu, kisha ukungu uliofanya taa yangu ionekane kama imefunikwa na maziwa. Kioo cha helmeti nilikuwa nimekipaka sabuni ndani na kukifuta kikavu, hakikushika mvuke.

Marangu Mtoni nikasimama. Kifua kikavu, mikono mizima, lakini shingoni kulikuwa na uzi wa baridi unaoshuka mpaka mgongoni. Nilikuwa nimesahau shingo. Nikafungua mikanda, nikaichukua kanga, nikaizungushia shingoni mara mbili na ncha zake nikazisokomeza ndani ya jaketi. Mikanda nikaifunga upya kwa mpira wa tyubu. Uzi ule ukakatika pale pale.

Mwika bodaboda walishaanza kujipanga, na karibu wote wamevaa makoti nyuma mbele, zipu ikiwa mgongoni. Nimeona hivyo tangu utotoni bila kuuliza. Safari hii niliuliza. Kijana mmoja akanijibu huku akipuliza viganja: "Zipu ndiyo mlango wa upepo, braza. Geuza, mlango ukae nyuma." Akafunua koti kidogo kunionyesha gazeti lililokunjwa mara nne kifuani. Karatasi ni kizuizi kizuri, na ikilowa unaitupa. Zamani, aliniambia, walikuwa wanavaa na rambo juu ya soksi, lakini mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, siku hizi anatumia mfuko wa mkate. Mimi nilikuwa nayo tayari miguuni, ya mkate vilevile.

Baada ya Mkuu ndipo palikuwa na mtihani. Kilomita 30 na ushee mpaka Tarakea, kiza bado, na upepo unakuja kwa ubavu kutoka mlimani. Suruali ya mvua ikaanza kupepea. Nguo inayopepea inafanya kazi kama mivuo ya mhunzi, inavuta hewa baridi ndani na kuisukuma nje ile uliyoipasha kwa mwili wako. Nilikuwa nimekata pete za tyubu za vifundo vya mikono na miguu, ila ya mguu wa kushoto ilikatika Mashati, na kuanzia hapo magoti yalinieleza tofauti kwa kila kilomita: la kulia joto, la kushoto kama limepakwa barafu. Useri nikasimama, nikafunga kwa kamba ya mgomba iliyokuwa imedondoka kando ya barabara. Ikashika hadi mwisho.

Jua lilichomoza upande wa kulia, kutoka tambarare za Kenya, na kushoto Mawenzi ikatoka kwenye mawingu, nyeusi, meno yake yote nje. Nilipunguza mwendo. Mwaka jana nilipita hapa nimeinamisha kichwa, sikuona chochote.

Saa moja kasoro nilikuwa uani kwa baba mdogo. "Shikamoo baba." "Marahaba, umefika mzima?" Mama mdogo alitoka na karai la maji ya moto, maana habari za Mkuu alishazisikia. Nikavua glavu nikampa mkono. Akaushika, akaugeuza, akaushika na wa pili. Lile karai akalirudisha jikoni, akanuia kuwaogeshea watoto, mimi nikaletewa mtori.

Mashine ilinguruma kabla sijamaliza bakuli. Baba mdogo alirudi na vumbi la unga kwenye nyusi, akakiokota kile kipande cha ngozi nilichokiacha juu ya tangi, akakijaribu kifuani mwake. Yeye hupanda pikipiki kwenda Kamwanga kila Jumatatu. Sikungoja aniombe. Nilimfungia kamba ya kiunoni, nikamwonyesha kikae juu, kiguse koo.

Niliondoka saa sita na jua kali. Himo nikavua kila kitu, nikakikunja ndani ya kanga, nikakifunga nyuma ya siti kwa zile pete za tyubu zilizobaki.