Seli zikivimba, kalsiamu hufanya nini? Uzoefu wangu wa maabara

Miezi mitatu ya mwanzo ya utafiti wangu wa uzamili iliponyoka kwa sababu ya maji. Swali langu lilitamkika kirahisi: seli ikivimba kwa kuwa majimaji yanayoizunguka yamezimuliwa, kalsiamu iliyo ndani yake hufanya nini?

Seli iliyotulia ina kalsiamu huru ya nanomola 100 hivi. Nje kuna milimola 1 hadi 2, yaani mara 10,000 au zaidi. Kwa hiyo hata kiasi kidogo kikipenya, seli nzima inapata habari.

Nilikuwa na seli za figo za HEK 293 zilizopandikizwa jeni ya TRPV4, chaneli (mlango wa protini kwenye utando wa seli unaopitisha kalsiamu) ambayo mwaka 2000 ilitambuliwa kuwa hufunguka seli inapovimba. Nikazipaka fluo-4, rangi inayong'aa zaidi ikishika kalsiamu, kisha nikazimua majimaji yake kwa maji safi, asilimia 30. Nilitarajia mwanga upande. Ukashuka! Nikarudia, ukashuka tena, na kwenye daftari nikaandika kwamba kuvimba kunapunguza kalsiamu.

Kosa lilikuwa mara mbili. Kwanza, maji yale hayakupunguza osmolaliti (jumla ya chembe zilizoyeyuka) peke yake. Yalipunguza pia sodiamu, na kalsiamu ya nje ikatoka milimola 2 hadi 1.4. Pili, seli inapovimba, rangi iliyo ndani yake nayo inazimuliwa, hivyo mwanga hufifia hata kama kalsiamu haijagusika.

Kosa la kwanza nililitatua kwa manitoli, kitu cha jamii ya sukari, ile ile inayotundikwa hospitalini kupunguza uvimbe wa ubongo. Nilitengeneza majimaji mawili yanayofanana kwa kila kitu: chumvi ya mezani milimola 90, kalsiamu 2, potasiamu, magnesiamu, glukosi na bafa ya kudhibiti asidi. Moja nikaongeza manitoli milimola 80, osmolaliti yake ikafika karibu miliosmoli 300. La pili halina, likabaki karibu 220. Kubadilisha la kwanza kwa la pili ni kuondoa manitoli tu. Kila asubuhi nilipima yote mawili kwa osmomita, kifaa cha kupima osmolaliti, kabla ya kugusa seli, na hadi leo sianzi bila kipimo hicho.

Kosa la pili nililitatua kwa kuhamia fura-2, rangi nyingine inayoshika kalsiamu. Unaimulika kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 340, kisha 380, unasoma mwanga unaorudi karibu na 510, na unagawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Rangi ikizimuliwa, namba zote mbili hushuka kwa pamoja, uwiano ukabaki palepale. Kalsiamu ikipanda, 340 hupanda na 380 hushuka. Siku nilipoiona mistari ile miwili ikiachana kwenye kioo cha kompyuta, niliinuka kwenye kiti.

Bado kulikuwa na mtego wa joto. TRPV4 huitika joto, na huitika pia msukumo wa majimaji yanayopita juu ya seli. Chupa moja ikiwa baridi kuliko nyingine, hujui umepima nini. Nikaziweka zote kwenye nyuzi 37, na kila jaribio nikalianza kwa kubadilisha majimaji ya miliosmoli 300 kwa mengine yale yale ya 300. Mstari ukitingishika hapo, sahani ile naiweka kando.

Jaribio lililonipa usingizi lilikuja baadaye. Niliondoa manitoli, mstari ukakaa kimya kidogo, kisha ukapanda. Ukimya ule una maana: kuvimba hakuifungui chaneli moja kwa moja, bali hupitia kimeng'enya kinachokata asidi ya arakidoni kutoka kwenye utando, na mazao ya asidi hiyo ndiyo huifungua. Nikarudia bila kalsiamu nje, nikiwa nimetia EGTA ya kunasa mabaki, na mpando karibu wote ukatoweka. Kumbe kalsiamu ilikuwa inaingia kutoka nje. Seli zisizo na TRPV4, kwenye majimaji yale yale, hazikusogea sana.

Ukurasa ule wa daftari sikuuchana. Niliupiga mstari, nikaandika tarehe, na chini yake nikaandika: "rangi ilizimuliwa".