Picha aliyoikataa bibi mfumaji

Ushauri ulioniudhi kuliko wote katika upigaji picha safarini ni huu: nunua lenzi ndefu inayovuta vya mbali, simama mbali, wapige picha watu wasijue, ndipo utapata maisha yao halisi. Sikubali. Lenzi ya milimita 200 inakuletea uso, mwenye uso humjui. Na hata ukisogea, picha peke yake haisemi mengi. Ile ya msichana wa Afghanistan, iliyokuwa jalada la jarida la National Geographic mwaka 1985, ilienea dunia nzima, lakini jina lake, Sharbat Gula, walimwengu walikuja kulijua mwaka 2002.

Mimi hubeba lenzi moja tu, fupi, ya milimita 35, isiyovuta vya mbali. Nikitaka sura ya mtu ijae, sina budi kumkaribia hatua mbili tatu, na hapo salamu haikwepeki.

Lakini tegemeo langu kubwa ni printa ndogo ya betri inayoingia mkobani. Katika kijiji kimoja cha wafumaji nilimpiga picha bibi mmoja akiangua kicheko, mwanga wa dirisha umemwangukia shavuni. Niliipenda mno! Nikaichapa palepale, nikampa. Akaitazama, akanirudishia. Akaingia ndani, akatoka amebadili nguo, akasimama wima kando ya kitanda chake cha kufumia, mkono mmoja juu ya kitambaa alichokuwa hajakimaliza, mdomo kaufumba. Kisha akanionyesha kwa kidole: miguu nayo iingie. Hiyo ndiyo aliyowaitia majirani waje kuiona. Mjukuu wake akanieleza kwamba picha ya bibi ni ya kutundikwa ukutani, na vizazi vijavyo vimkute mtu mzima mwenye kazi yake, kamili tangu utosini hadi unyayoni.

Tangu siku hiyo, nikikaribishwa ndani huomba kwanza kuonyeshwa picha za ukutani. Nani kakaa, nani kasimama, nani kawekwa katikati, nani ana fremu yake peke yake. Maswali yanazaliwa hapo hapo, na wenyeji husimulia kwa furaha kwa sababu nimeuliza habari za watu wao.

Penye msiba au ibada siinui kamera mpaka mwenye shughuli aniruhusu. Watoto nao, namuuliza mzazi. Karatasi za printa si rahisi na huisha upesi, kwa hiyo nachapa nakala moja kwa kila mtu. Wanaokosa naandika anwani zao daftarini na kuwatumia kwa posta nikirudi.