Maumivu ya Muundi

Mwaka 2008, nikiwa na miaka 16, nilikuwa nikicheza ngoma za Kiha katika kikundi cha vijana mjini Kigoma. Mazoezi yalifanyika kila jioni kwenye sakafu ya saruji, peku, na kiongozi wetu aliwapenda wachezaji wembamba. Aliyenenepa alirudishwa safu ya nyuma bila maelezo.

Baba alikuwa mvuvi wa Kibirizi. Usiku wa giza alitoka na taa kuvua dagaa, hivyo kitoweo hicho kilipungua nyumbani siku za mbalamwezi tu. Mimi niliwasukumia wadogo zangu dagaa wangu, nikabaki na chai ya rangi na kipande cha muhogo, nikijisifu moyoni kwa uvumilivu.

Maumivu yalianzia kwenye muundi wa kushoto, ule mfupa wa mbele ya mguu chini ya goti, mahali padogo pa kufunikwa na ncha ya kidole. Mwanzoni yaliniuma nikiruka tu, baadaye hata nikiwa nimelala. Bibi alinikanda kwa mawese ya uvuguvugu, na mikono yake naikumbuka kwa shukrani, ingawa mfupa hauponi kwa kukandwa.

Daktari alipabonyeza pale pale nikapiga kelele. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, naye hakushangaa, kwa kuwa ufa unaotokana na mazoezi mara nyingi haujitokezi kwenye picha wiki za mwanzo. Akamwomba mama atupishe kidogo.

"Mwanangu, mara ya mwisho uliona siku zako lini?"

Ilikuwa imepita miezi minne, nami nilikuwa nimeihesabu kuwa nafuu.

Alinieleza kwamba mwili usiopata chakula kinacholingana na kazi yake huanza kubana matumizi: hupunguza homoni, ikiwamo estrojeni inayoilinda mifupa, na nyufa ndogo ambazo mfupa huziziba wenyewe kila siku zikakosa wa kuziziba. Kijana wa umri wangu, alisema, anahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanayo kwa wingi. Mama alipoelezwa hayo alinitazama kwa muda mrefu, asiseme neno. Picha ya pili, wiki tatu baadaye, iliuonyesha ufa.

Katika wiki nane za kupumzika nilikwenda mazoezini kupiga kayamba tu. Jioni moja nilimnong'oneza rafiki yangu wa safu ya mbele swali lile la daktari. Alianza kuhesabu kwa vidole, akavimaliza vya mkono mmoja, akahamia wa pili.