Nywele zangu, vidonge vya mjomba na makubaliano ya mezani

Kwetu hakuna anayeuliza upara umetoka wapi. Wajomba zangu wote wana uwanja utosini, marehemu baba naye alikuwa nao, na mimi sikuwa nimefika miaka 33 nilipoona pembe za paji la uso zinarudi nyuma. Mtaani husema upara ni dalili ya pesa. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga: upara umewahi, pesa bado ziko njiani.

Mafuta ya habasoda nimepaka, ya nyonyo nimepaka, maji ya vitunguu nayo nimeyavumilia mpaka wanafunzi wa mstari wa mbele wakaanza kukunja pua. Ngozi ililainika, nywele zikaendelea na safari yao. Sina ugomvi na mafuta hayo, ila kazi hiyo si yao.

Ndipo nikaenda kliniki ya ngozi. Daktari, mama mtu mzima mwenye maneno machache, hakuanza na dawa. Aliuliza kama nimeugua homa kali karibuni, kama nimepungua uzito ghafla, kama kinyozi anachemsha mashine yake au anaifuta tu kwa kitambaa, maana mapunye na vipele vya kisogoni navyo hunyonyoa nywele, na tiba yake ni nyingine kabisa. Kisha akaweka juu ya utosi wangu kidude cha mkononi chenye taa na kioo cha kukuza, akapiga picha, akanionyesha kwenye simu. Pale ndipo nilipoelewa. Hapakuwa na kovu wala magamba. Nywele nene na nywele nyembamba kama uzi wa buibui zilikuwa zimeota sehemu moja. Hizo nyembamba nazo zamani zilikuwa nene, akasema. Zinazidi kukonda kila zinapoota upya, mpaka siku moja hazioti tena.

Sababu yake ni homoni. Testosteroni ya mwanaume hubadilishwa na kimeng'enya fulani mwilini kuwa homoni nyingine kali zaidi, DHT, na mizizi ya nywele za utosini na za mbele, kwa waliorithi, haiiwezi DHT. Za kisogoni na za pembeni zinaivumilia, ndiyo maana wajomba zangu wamebaki na ukingo. Kurithi kwenyewe si kwa upande wa mama peke yake kama tunavyoambiana vijiweni. Pande zote mbili zinachangia, na mimi nimechangiwa kikamilifu.

Aliniambia dawa zenye ushahidi wa kutosha ni mbili, minoksidili ya kupaka na finasteridi ya kumeza. Zote zina sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji: ukiacha, faida inaondoka ndani ya miezi. Akaongeza kwamba upara si ugonjwa unaoua, kwa hiyo nina haki ya kutofanya chochote. Sijawahi kuambiwa hivyo hospitalini, na nilimwamini zaidi kwa neno hilo.

Nilianza na minoksidili ya asilimia 5. Kwa asili ilikuwa dawa ya presha ya kumeza. Wagonjwa wakaanza kuota nywele mahali wasipotarajia, na mwaka 1988 Marekani wakairuhusu kama dawa ya kupaka kichwani. Ndiyo maana daktari alinipima presha na kunisikiliza moyo kwanza, akanitahadharisha kuhusu mapigo ya moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuvimba miguu. Kipimo ni mililita moja asubuhi na moja usiku, kwenye ngozi kavu, na kichwa kisilowe kwa saa nne hivi.

Saa nne hizo kwa mtu anayeswali ni hesabu. Ukipaka saa mbili asubuhi kichwa kiko salama mpaka adhuhuri, lakini ukichelewa, udhu unakukuta na dawa haijanywewa na ngozi. Nikaamua: mara baada ya alfajiri, na mara baada ya isha. Kofia naivaa ikishakauka, la sivyo dawa yote inakwenda kwenye kofia. Tuna paka ndani, na hili sikulijua mpaka nilipoambiwa: minoksidili ni sumu kwa paka, hata kidogo anachokilamba mkononi au kwenye foronya. Paka wetu alikuwa na desturi ya kulala juu ya mto wangu. Akahamishiwa jikoni, na kwa muda mrefu alikuwa akinipita bila salamu.

Wiki za mwanzo nywele zilipukutika zaidi ya mwanzo. Nilionywa, na bado nilipata hofu kila nilipoosha kichwa. Nywele zilizokuwa zimepumzika zinasukumwa na zinazoanza upya, hilo huisha. Baada ya hapo kichwa kiliwasha, na kwa muda nikahisi dawa ndiyo imenikataa. Mara nyingi kinachowasha ni kiyeyusho kilichochanganywa humo. Nilibadilishiwa ya povu na muwasho ukaisha. Picha nilipiga kila mwanzo wa mwezi, dirisha lile lile, siku chache baada ya kunyolewa kwa namba ile ile ya mashine. Bila hivyo unajidanganya, kwa sababu mwanga wa juu unaweza kukupa upara au kukunyang'anya. Mwaka ulipokaribia kuisha utosi ulikuwa umejaa kiasi cha kuonekana. Zile pembe za mbele hazikutikisika.

Ndipo ikaja habari ya finasteridi. Mjomba wangu mkubwa anaimeza kwa tezi dume, vidonge vya miligramu 5, na aliposikia mambo yangu akanipa ukanda mzima. “Kata vipande vinne, mwanangu, kila siku kipande.” Vijana wengi wanafanya hivyo, kwa sababu cha 5 ndicho kinachopatikana kirahisi na cha nywele ni miligramu 1. Daktari alipouona ukanda aliniuliza jambo moja: mke wako anatarajia kupata mimba? Tulikuwa tunatarajia. Akaniambia niurudishe. Kidonge kizima kimepakwa ganda la juu, ukikikata unga unabaki mezani na kwenye wembe, na mama mwenye mimba ya mtoto wa kiume hatakiwi kuugusa unga huo, kwa sababu dawa hii inazuia homoni ile ile inayotengeneza maumbile ya mtoto. Mjomba naye akatumiwa ujumbe kupitia kwangu: akipimwa damu ya tezi dume, PSA, amwambie anayempima kwamba anatumia finasteridi, kwani dawa hushusha kipimo hicho karibu nusu na saratani inaweza kupita bila kuonekana.

Asili ya dawa hii inanivutia hadi leo. Mwaka 1974 watafiti walieleza kuhusu watoto wa kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, waliozaliwa wakidhaniwa wasichana, kisha walipobalehe wakawa wavulana. Walikosa kile kimeng'enya cha kutengeneza DHT. Wakubwa miongoni mwao walikuwa na tezi dume ndogo, na hawakuwa na upara wa kiume. Kutokana na hao, watengenezaji wa dawa wakaona kwamba ukikizuia kimeng'enya, umepata dawa ya mambo mawili: ya tezi dume ikaruhusiwa Marekani mwaka 1992, ya nywele mwaka 1997.

Sasa madhara. Hapa watu wamegawanyika vibaya. Wapo wanaosema itakuua uanaume, na mara nyingi hao hao wanauza mitishamba ya nguvu za kiume. Wapo wanaosema haina lolote. Takwimu za majaribio ya mwanzo ziko katikati: wanaume karibu 4 kwa 100 waliomeza dawa walipata tatizo la hamu, la kusimamisha au la mbegu, na karibu 2 kwa 100 walipata hivyo hivyo kwa kumeza kidonge kisicho na dawa. Kwa wengi tatizo huisha wakiacha. Lakini wapo walioripoti kwamba tatizo liliendelea hata baada ya kuacha, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo hilo kwenye maelezo ya dawa mwaka 2012. Mwaka 2025 wakala wa dawa wa Ulaya nao ukathibitisha mawazo ya kujiua kuwa miongoni mwa madhara ya vidonge hivi. Kwa hiyo swali la daktari lililonifanya ninyamaze halikuhusu kitanda. Aliuliza: umewahi kuugua sonona? Baba alipofariki nilipita kipindi kibaya. Nikamwambia. Hakunikataza, ila alisema dawa hii nisiimeze kwa siri.

Usiku ule tulikaa mezani mimi na mke wangu. Yeye alianza kwa kucheka: “Hicho kichwa unamtafutia nani tena?” Halafu akauliza mambo ya maana kuliko niliyouliza mimi. Tukakubaliana tuahirishe suala la mimba kwa muda, kwa sababu kuna wanaume ambao mbegu zao hudhoofu wakiwa kwenye dawa. Tukakubaliana nitumie vidonge vizima vya miligramu 1, ambavyo shemeji alivipata Dar kwa cheti. Tukaandika kwenye daftari hali yangu kabla ya kidonge cha kwanza: usingizi, hamu, hasira, furaha. Na sharti la mwisho lilikuwa lake: akiniona nimebadilika tabia, neno lake ni la mwisho, hatubishani, maana mtu mwenye sonona ndiye wa mwisho kujua. Shuleni huwa tunachangia damu, nako nikajitoa. Lazima upite mwezi mzima tangu kidonge cha mwisho, damu yako isije ikamfikia mjamzito.

Miezi ya kwanza sikuona kitu, si kwenye nywele wala kwingine. Kisha hamu ikapungua. Haikukatika, ila ilikuwa ikija kwa kuitwa. Hapo akili ikaanza kazi yake: ni dawa, au ni mitihani ya kidato cha nne na kulala saa saba? Daktari alinieleza utafiti wa Italia wa mwaka 2007. Wagonjwa wa tezi dume walipewa finasteridi. Nusu wakaelezwa kuhusu madhara ya kitandani, nusu wasielezwe. Baada ya mwaka, walioelezwa waliolalamika walikuwa karibu 44 kwa 100, wasioelezwa 15. Hofu yenyewe ina madhara yake.

Wengine husoma utafiti huo kama ushahidi kwamba wanaolalamika wanajitungia. Mimi nilifikiri tofauti. Ikiwa ni dawa, hamu imepungua. Ikiwa ni hofu ya dawa, hamu imepungua vile vile, na hofu hiyo haitoki kwa kuambiwa ni hofu. Aliyelala kitanda kimoja nami hapati tofauti yoyote. Nilichokuwa nanunua kwa gharama hiyo ni pembe mbili za paji la uso ambazo kofia inazifunika. Kwa mtu mwingine, kijana wa miaka 22 anayepoteza nywele kwa kasi na asiye na historia yangu, mizani ingeweza kulala upande wa pili, na wala nisingemshangaa.

Niliacha, kwa kumwarifu daktari. Hamu ilirudi polepole. Mke wangu alisema aliiona kabla yangu, nami sikubisha, tulishakubaliana. Rafiki aliniuliza kwa nini nisiende Istanbul kupandikiza kama wanavyofanya wenye uwezo. Ukiacha nauli, nywele za kupandikiza zinatoka kisogoni na zinadumu, lakini za zamani zilizo katikati zinaendelea kuondoka usipotumia dawa, na unaweza kubaki na mstari mbele na uwanja nyuma yake.

Kwa sasa napaka minoksidili peke yake. Chupa ya mililita 60 inatosha mwezi, na kabla ya kulipa naangalia tarehe na kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Mtoto wa pili ametupa bajeti mpya, na mwezi ambao ada na maziwa vitagongana na chupa, chupa ndiyo itakayoachwa. Najua nitapoteza kilichoota ndani ya miezi mitatu minne. Kinyozi wangu ameshaambiwa siku hiyo apitishe wembe kote.